Jicho au Ubongo? Kutafuta Hitilafu ya Kuona Ilipo

Mtu akisema "sioni vizuri" bado hajaeleza kitu. Huenda anahitaji miwani ya kusomea tu. Huenda pia kiharusi kimemwanza nusu saa iliyopita. Maneno ni yale yale, na anayeyasema mara nyingi ana hakika kabisa kwamba tatizo liko jichoni kwa sababu jicho ndilo analolijua. Kazi ya kwanza ni kujua hitilafu iko wapi kwenye njia ya kuona, na sehemu kubwa ya kazi hiyo unaweza kuifanya nyumbani kwa kiganja cha mkono, kipande cha karatasi na pini.

Njia yenyewe ni hii. Mwanga huingia kupitia konea, ule utando angavu wa mbele, ambao hufanya takribani theluthi mbili ya kazi ya kuukunja mwanga. Lenzi iliyo nyuma ya mboni humalizia. Mwanga unavuka ute mzito uliojaa ndani ya jicho na kutua kwenye retina, utando mwembamba wa nyuma wenye seli zaidi ya milioni 100 za kupokea mwanga. Lakini neva inayotoka jichoni kwenda ubongoni ina nyuzi kama milioni 1 tu. Kwa hiyo retina haitumi picha nzima. Inachuja na kulinganisha, halafu inatuma tofauti: hapa pana ukingo, hapa pamebadilika, hapa kuna kitu kinatembea. Nyuma ya macho neva hizo mbili hukutana, na nusu ya nyuzi za kila moja huvuka kwenda upande wa pili. Kuanzia hapo, kila kilicho kushoto kwako, kwa macho yote mawili, kinashughulikiwa na nusu ya kulia ya ubongo, na cha kulia kinaenda kushoto. Kituo kikuu cha kupokea kiko kisogoni.

Shika hilo la nyuzi kuvuka, maana ndilo linaloamua nusu ya maswali yote hapa chini.

Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba ubongo hauachi pengo likaonekana. Pale neva inapotokea kwenye retina hakuna hata seli moja ya kupokea mwanga, kwa hiyo kila jicho lina doa pofu. Mfaransa Edme Mariotte alilibainisha katika miaka ya 1660. Chukua karatasi ya daftari yenye mistari, chora msalaba mdogo, na sentimita nane kulia kwake, kwenye mstari huohuo, weka nukta nene. Funika jicho la kushoto, kaza jicho la kulia kwenye msalaba, kisha sogeza karatasi polepole mbele na nyuma. Ikifika kama sentimita 30 kutoka usoni nukta itatoweka. Hutaona shimo wala weusi mahali pake. Utaona mstari wa daftari umepita moja kwa moja, ilhali pale jicho lako halioni chochote. Ubongo umeuchora.

Ndiyo maana kelele ya ugonjwa wa macho hailingani na uzito wake. Vijinyuzi visivyo na madhara humkosesha mtu usingizi, huku presha ya macho, yaani glakoma, ikila pembe za uoni miaka na miaka bila mwenyewe kujua, kwa kuwa kila kipande kinachokufa ubongo unakipaka rangi ya jirani yake. Anayesema "mimi macho yangu hayana shida" hajatoa ushahidi wowote kuhusu glakoma.

Vipimo vya kufanya kwanza

Funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, tazama, kisha funika la pili. Tatizo likiwa la jicho moja tu, liko mbele ya makutano ya neva: kwenye jicho lenyewe au neva yake. Likiwa lile lile, upande ule ule, kwa jicho lolote utakalotumia, shuku ubongo. Wengi hawafanyi kipimo hiki kabisa; wanakuja kliniki na wiki mbili za malalamiko na hawajawahi kufunika jicho hata mara moja.

Halafu pini. Toboa karatasi ngumu tundu moja dogo, tazamia hapo maandishi yanayokusumbua, jicho moja moja. Yakisafika, tatizo ni la kukunja mwanga, na dawa yake ni miwani. Tundu dogo huruhusu miale michache iliyokwisha kunyooka, ambayo haihitaji kukunjwa vizuri ili itue mahali pake. Yasiposafika, kuna kitu kimechafuka njiani au retina na neva zina shida, na muuza miwani hatakusaidia.

Tatu, chezesha jicho. Kinachoelea na kuchelewa kufuata kiko ndani ya ute. Kinachoganda palepale penye mtazamo wako, popote unapotazama, kiko kwenye retina au nyuma zaidi.

Mwisho tazama saa. Kilichokuja ghafla ni cha mishipa ya damu, au retina, au neva, na hakisubiri Jumatatu. Kilichokuja kwa dakika ishirini kikaondoka ni jambo jingine. Kilichokuja kwa miaka kwa kawaida ni lenzi au glakoma.

"Naona ukungu"

Kama tundu la pini linasaidia na umri umefika miaka 40 na ushee, na umeanza kuisogeza simu mbali ili usome ujumbe, lenzi yako imekakamaa tu. Humpata kila mtu. Miwani ya kusomea ya barabarani haiharibu macho, wacha watu waseme. Ubaya wake ni mmoja: ukishasoma vizuri unaona huna haja ya kupimwa, na kuanzia umri huohuo ndipo presha ya macho inapotakiwa kupimwa. Kwa watu wenye asili ya Afrika glakoma huja mapema zaidi na kwa ukali zaidi, na kilicholiwa hakirudi. Matibabu huzuia kilichobaki kisiliwe. Kama mzazi au ndugu wa damu anayo, usingoje hata hiyo 40.

Ukungu unaobadilika wiki hadi wiki, leo miwani inafaa na Ijumaa haifai, uulizie sukari. Sukari ya damu ikipanda na kushuka, lenzi hunyonya na kupoteza maji, na nguvu yake hubadilika nayo. Nimeona watu wakinunua miwani mitatu mfululizo kabla ya kupima kisukari. Kaa na sukari iliyotulia kwa wiki kadhaa ndipo upimwe miwani.

Ukungu unaokatika ukipepesa kope na kurudi baada ya muda ni ukavu. Mtu aliyekodolea simu au kompyuta hupepesa mara chache sana, na machozi yanakauka juu ya konea.

Tundu la pini lisiposaidia, na usiku taa za magari yanayokuja zinatawanyika kama miale ya jua, na nyeupe imeanza kuwa ya chai, huyo ni mtoto wa jicho. Lenzi imechafuka. Hakuna tone linaloiyeyusha, la duka la dawa wala la mitishamba, na baadhi ya hayo ya mitishamba huunguza konea, kitu ambacho kilikuwa kizima. Upasuaji huondoa lenzi na kuweka ya plastiki. Watu wengi siku chache baadaye hushangazwa na rangi ya bluu: lenzi ya zamani ilikuwa inaimeza polepole, na ubongo ulikuwa unarekebisha rangi zote mwaka hadi mwaka hivi kwamba hawakujua imepotea.

Kuna ukungu wa katikati tu, uliotofauti na huo wote. Simama mbele ya dirisha lenye nondo, funika jicho moja, kaza jicho kwenye nondo moja ya katikati. Nondo zilizo wima zikionekana zimepinda au zina wimbi, au kipande cha katikati kimefifia, tatizo liko kwenye kitovu cha retina, mahali penye uoni mkali wa kusomea na kutambua sura. Nenda wiki hiyohiyo. Likija ghafla, nenda siku hiyohiyo.

"Vijinyuzi na vidoa vinaelea"

Unavyoviona si vijinyuzi vyenyewe. Ni vivuli vyake. Ute wa ndani ya jicho hukunjamana kadiri umri unavyokwenda, na vipande vilivyogandamana huangusha kivuli juu ya retina. Ndiyo maana vinaonekana zaidi ukitazama anga jeupe au ukuta. Ukivifukuza kwa jicho vinakimbia, ukitulia vinazama chini taratibu. Vichache, vya miezi mingi, visivyobadilika: viache. Baada ya muda ubongo utaviweka kando, kama unavyoiweka kando pua yako mwenyewe ambayo iko mbele ya macho yako wakati wote.

Kinachobadilisha hukumu ni mambo matatu: vingi vipya kwa mara moja, mithili ya masizi yaliyomwagwa, mwako wa mwanga pembeni, hasa gizani, na kivuli au pazia linaloingia kutoka upande mmoja. Ule mwako una maana yake. Retina haina hisia ya maumivu. Ukiivuta, inaripoti mwanga, kwa sababu hilo ndilo neno pekee inalolijua. (Fumba macho, bonyeza kidogo sana pembe ya jicho juu ya kope, utaona mduara wa mwanga upande wa pili.) Kwa hiyo jicho linalomulika bila taa lina kitu kinachovuta retina, na pazia ni retina iliyokwisha kubanduka. Hapa ni siku hiyohiyo, kwa daktari bingwa wa macho. Ikirudishwa kabla ya kitovu kubanduka, uoni wa kusoma huokoka; ikichelewa, huwezi kuwa na uhakika huo. Haiumi, na kutouma kwake ndiko kunakowachelewesha watu.

"Mistari ya zigizaga inawaka"

Huyu ni mgeni anayetisha kuliko anavyostahili. Huanza kama doa dogo karibu na katikati: unasoma neno na herufi moja haipo. Baada ya dakika kadhaa doa linakuwa upinde wenye kingo za zigizaga zinazometameta, upinde unapanuka kuelekea pembeni, na baada ya dakika 20 au 30 unatokea nje ya uoni na kuisha. Kichwa kinaweza kuanza kugonga upande mmoja, au kisigonge kabisa. Ni kipandauso.

Fanya kile kipimo cha kwanza. Ukifunika la kulia, upinde upo. Ukifunika la kushoto, upo palepale. Ukifumba yote mawili unaendelea kumetameta gizani. Basi hauko jichoni, uko kisogoni.

Mwanasaikolojia wa Marekani Karl Lashley, aliyekuwa na kipandauso mwenyewe, aliuchora upinde wake hatua kwa hatua huku akitazama saa, kisha akapiga hesabu: kitu fulani kinatambaa juu ya gamba la ubongo kwa mwendo wa milimita 3 hivi kwa dakika. Alichapisha hesabu hiyo mwaka 1941. Mwaka 1944 Aristides Leão, Mbrazili, akieleza majaribio yake juu ya sungura, aliripoti wimbi la seli za ubongo kulipuka kisha kunyamaza, likitambaa kwa mwendo wa pole wa aina hiyohiyo. Ukubwa wa upinde nao una sababu. Sehemu ya katikati ya uoni imepewa eneo kubwa mno kwenye gamba la ubongo, pembe zimepewa eneo dogo. Wimbi linatembea kwa mwendo ule ule, lakini likifika eneo la pembeni kila milimita inabeba kipande kikubwa cha dunia, kwa hiyo wewe unaona upinde ukikimbia na kunenepa. Na zigizaga? Seli za eneo hilo la kisogoni kila moja hupenda mstari wenye mwelekeo wake: wima, mlalo, mshazari. Wimbi likizigusa zinaripoti vipande vya mistari. Unatazama jinsi ubongo wako ulivyopangwa.

Kaa chini, usiendeshe gari wala pikipiki, subiri. Nenda hospitali kama ndiyo mara ya kwanza na umri umepita 50, kama imepita saa nzima, kama ni ya jicho moja tu, au kama ulimi umekuwa mzito, mkono umelegea au mdomo umepinda.

"Jicho la kushoto halioni", lakini sivyo

Sentensi hii ndiyo inayopotosha kuliko zote. Mzee anasema jicho la kushoto limekufa asubuhi. Familia inatafuta kliniki ya macho, inapanga foleni, inapata nafasi kesho. Anafunikwa jicho hilo la kushoto: linalobaki, la kulia, nalo halioni kitu kushoto. Amepoteza nusu ya dunia kwa macho yote mawili, na macho yote mawili ni mazima. Kilichoziba ni mshipa wa damu upande wa kulia wa ubongo. Ni kiharusi, na kwa kiharusi saa za kwanza ndizo zenye tiba. Kipimo cha sekunde kumi kingempeleka kwenye mlango mwingine kabisa: idara ya dharura.

Ramani hii ya nani anaona nini ndani ya ubongo ilipatikana kwa njia ya huzuni. Katika vita vya Urusi na Japani vya 1904 hadi 1905 risasi za Warusi zilikuwa nyembamba na za kasi, zikipenya fuvu upande mmoja na kutokea upande wa pili bila kulipasua, na baadhi ya askari walipona. Daktari wa macho wa Kijapani, Tatsuji Inouye, alipima tundu la kuingilia na la kutokea, akachora mstari kati yake, akalinganisha na sehemu ya uoni ambayo kila askari alipoteza. Kidogo kidogo ilijitokeza: katikati ya uoni iko nyuma kabisa ya kisogo, pembe ziko ndani zaidi.

Kuna hali inayofanana na hii ambayo familia lazima ijue kuitofautisha. Aliyepoteza nusu ya uoni mara nyingi anajua, na kwa muda anajifunza kugeuza kichwa. Lakini kiharusi kikipiga nyuma ya sikio la kulia, mara nyingine mgonjwa anaona ila hashughuliki tena na upande wa kushoto: anakula wali wa nusu ya sahani na kudai mchuzi umeisha, ananyoa shavu moja, anavaa mkono mmoja wa shati. Ukimgeuzia sahani anashangaa. Usimgombeze; kwake huo upande haupo wa kutafutwa. Msalimie kutoka upande anaoujua, kisha umvute taratibu.

Na kuna jicho moja, kweli moja, linaloingia giza dakika chache kama pazia limeshushwa, halafu linarudi lenyewe. Watu hushukuru Mungu na kuendelea na shughuli. Mara nyingi ni bonge dogo la damu lililopita kutoka kwenye mshipa wa shingo, na linalofuata linaweza kwenda ubongoni. Liko kwenye daraja moja na kiharusi. Nenda siku hiyo.

"Naona viwili"

Funika jicho moja. Cha pili kikitoweka, bila kujali umefunika lipi, macho yako hayaelekei mahali pamoja: ni misuli, neva zake, au ubongo. Likitokea ghafla kwa mtu mzima ni dharura, zaidi likija na maumivu ya kichwa au kope kuanguka. Kikibaki viwili kwa jicho moja peke yake, ni konea, lenzi au miwani, na unaweza kungoja zamu yako.

Mtoto mwenye makengeza halalamiki kuona viwili. Hapo ndipo penye hatari. Ubongo mchanga ukipokea picha mbili zisizolingana huzima moja, na jicho lililozimwa halifunzwi kuona. David Hubel na Torsten Wiesel walilionyesha hili kwa paka wachanga: jicho lililofungwa wiki za mwanzo, hata likifunguliwa likiwa zima kabisa, lilikuta nafasi yake kwenye ubongo imechukuliwa na jirani. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Kwa mtoto wa binadamu dirisha ni la miaka, na kadiri anavyokaribia miaka 7 au 8 ndivyo matibabu yanavyopungua nguvu. Tiba ni miwani inayofaa na kuliziba jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Shangazi atasema "ataacha akikua". Asikilizwe kwa mengine.

Na tazameni picha za mtoto zilizopigwa kwa mwako wa simu. Mboni moja ikiwaka nyeupe wakati ya pili ni nyekundu, mpelekeni bila kukawia; mojawapo ya sababu ni saratani ya retina, ambayo ikiwahiwa hutibika.

"Usiku sioni"

Retina ina seli za aina mbili. Koni zinafanya kazi mchana, zinaleta rangi na ukali. Vijiti vinafanya kazi gizani, havijui rangi, na vinahitaji kama nusu saa kufikia uwezo wake wote ukitoka kwenye mwanga. Kwa hiyo kuingia ndani kutoka jua la saa saba na kukanyaga ndoo si ugonjwa. Hata kutoiona nyota hafifu unapoikodolea ni kawaida, maana katikati ya retina hakuna vijiti. Itazame kwa pembeni kidogo, itajitokeza.

Ugonjwa ni pale giza la jioni linapomfungia mtu wakati wenzake bado wanacheza mpira. Kwa mtoto mdogo, hasa aliyetoka kuugua surua au kuharisha kwa muda mrefu, fikiria vitamini A kwanza: vijiti hutengeneza rangi yao ya kunasia mwanga kutokana nayo. Uoni wa usiku hurudi upesi akipewa, ila akicheleweshwa konea hukauka na kuyeyuka, na hapo hakuna kurudi. Hii ndiyo sababu ya yale matone wanayopewa watoto wa chini ya miaka mitano kila miezi sita. Kwa kijana ambaye giza linazidi kumbana mwaka hadi mwaka, na mchana anajikwaa vitu vya pembeni, kuna magonjwa ya kurithi ya retina. Ulizeni kwenye ukoo.

"Rangi zimebadilika"

Aliyezaliwa akichanganya nyekundu na kijani ni mwanamume mara nyingi, macho yote mawili, na hali yake haisogei. Hahitaji tiba. Rangi zilizobadilika ukubwani ni habari nyingine. Chukua kifuniko chekundu cha chupa, kitazame kwa jicho moja kisha kwa lingine. Jicho moja likikiona kimepauka kuelekea waridi au kahawia, na kulizungusha kunauma, neva yake imevimba.

Waulizeni pia dawa wanazotumia. Anayetibiwa kifua kikuu na yumo kwenye ethambutol, akiona rangi zinapauka au katikati panafifia, aende kliniki yake siku hiyo na kusema. Asiache dozi kwa uamuzi wake. Na kama waliokunywa pamoja jana leo wote wanaona ukungu na wanatapika, pombe ile ilikuwa na methanoli. Mwili unaigeuza kuwa asidi inayoua neva ya jicho, na madhara huja baadaye, baada ya saa nyingi, wakati mtu anadhani ni hangova tu. Wote wakimbizwe hospitali, hata asiyelalamika.

Visivyo ugonjwa

Umeinua macho kwenye saa ya ukutani na mshale wa sekunde umeganda kidogo kabla ya kuendelea. Macho huruka mara tatu hivi kwa sekunde, na kila yakiruka ubongo huzima picha ili usione dunia ikiyumba, kisha hujaza pengo kwa kile kilichofuata. Ndiyo maana pia huwezi kuyaona macho yako yakihama kwenye kioo: tazama jicho la kushoto, kisha la kulia, hutayanasa. Mtu aliye kando yako atayaona wazi.

"Naona watu wasiokuwepo"

Bibi ana miaka themanini, macho yamefifia, na ameanza kunyamaza. Ukimbembeleza sana anakwambia kwa sauti ya chini kwamba sebuleni kuna watoto waliovaa nguo za kale, au ukuta umejaa maua, au kuna wanaume wafupi wenye kofia wanapita. Hakusema kwa sababu anajua mtasema ni majini, au akili imeanza kuondoka.

Mwaka 1760 Charles Bonnet wa Geneva aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, aliyekuwa na mtoto wa jicho na akili timamu, akiona watu, ndege na majumba ambavyo havikuwepo. Hali hiyo leo ina jina la Bonnet. Ubongo wa kuona umezoea kulishwa. Jicho likipunguza chakula, hujipikia wenyewe. Eneo la sura linatoa sura, eneo la mistari linatoa vyandarua na matofali.

Namna ya kuitambua: wanaoonekana ni kimya, hawasemi na wala hawamgusi, mara nyingi wanaonekana wazi kuliko vitu vya kweli vilivyo kando yao, na yeye mwenyewe, akifikiri, anajua hawapo. Cha kufanya ni kuwasha taa, maana huja zaidi kwenye mwanga hafifu na ukimya, na kumwambia ayapeleke macho kulia na kushoto mara kadhaa, mara nyingi hutoweka. Kisha macho yenyewe yapimwe, kwani kama ni mtoto wa jicho, upasuaji unaweza kuwaondoa wageni hao. Zaidi ya yote mwambieni ina jina. Wengi wakisikia hivyo hofu huisha hata kama watoto wa sebuleni wanabaki.

Lakini wakianza kumsemesha, kumwamrisha, au yeye kuamini wapo kweli na kuwaogopa, au kukiwa na homa, dawa mpya, kuchanganyikiwa au mikono kutetemeka, hiyo siyo hali ya Bonnet. Apelekwe kwa daktari wa kawaida, haraka.

"Naona, ila sitambui"

Kuna watu wasomao herufi ya mwisho kabisa kwenye chati na bado hawamtambui mke wao sokoni mpaka aseme. Eneo la ubongo la kutambua sura limeharibika, au halikuwahi kukua vizuri tangu utotoni, na hawa wa utotoni ni wengi kuliko tunavyodhani. Mtaani wanaitwa wenye maringo. Wanatambua kwa sauti, mwendo, kilemba. Miwani haina la kufanya hapo. Mwenzao anaweza, kwa kutaja jina lake anaposalimia.

Mwaka 1983 madaktari wa Munich walieleza habari za mama mmoja, kwa herufi L.M., aliyepoteza kitu kimoja tu baada ya ubongo kuumia pande zote mbili: mwendo. Chai aliyoimimina ilionekana imeganda hewani, na kikombe kikafurika bila yeye kuona ikipanda. Gari lilikuwa mbali, kisha ghafla liko hapa. Rangi, sura, maandishi, vyote vilikuwa sawa. Ni nadra sana, ila mtu wa familia akianza kufurisha vikombe na kuogopa kuvuka barabara huku chati akiisoma yote, msiishie kwa daktari wa macho.

Ukienda kliniki

Andika kabla: ni jicho lipi baada ya kufunika, lilianza lini na lilichukua muda gani kufikia hapo, tundu la pini lilisaidia au la. Beba miwani yako yote, hata ya zamani, na dawa zote unazotumia zikiwa kwenye pakiti zake. Watakutia matone ya kupanua mboni ili waione retina, na kwa saa kadhaa mwanga utakuumiza na kusoma karibu hakutawezekana. Chukua kofia au miwani ya jua, na aje mtu wa kukurudisha. Usiende na pikipiki yako.